Mkanda wa jeshi: Kwa nini wazee huendelea kuumia hata vidonda vikishapona

MTU aliyeugua mkanda wa jeshi hujihesabu kuwa amepona pindi malengelenge yanapopasuka, yakakauka na magamba yake kudondoka. Hilo huchukua kati ya wiki mbili na nne. Lakini kwa wazee wengi, hapo ndipo safari nyingine ya mateso huanzia.

Ngozi imerejea katika hali yake, au imebaki na makovu machache tu, ila chini yake moto haujazimika. Mgonjwa huhisi kana kwamba anachomwa kwa pasi, anadungwa sindano au anapigwa na umeme. Shati likimgusa ubavuni hushtuka. Akijifunika shuka usiku huona kama amemwagiwa upupu.

Watu wa nyumbani humtazama wasione kidonda wala uvimbe, nao huanza kushuku kwamba mzee anadeka au anatafuta kuhurumiwa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ukweli ni kwamba maumivu hayo ni maradhi yanayotambuliwa na sayansi ya tiba, na yana dawa zake. Ni maumivu ya neva yanayosababishwa na mkanda wa jeshi, na matabibu huyahesabu kuwa sugu yakidumu kwa zaidi ya miezi mitatu tangu vipele vilipojitokeza. Kulingana na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), kati ya kila watu 100 wanaougua mkanda wa jeshi, takriban 10 hadi 18 hupatwa na maumivu haya.

Mzigo huo haugawanyiki sawa. Ni nadra kwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 40 kubaki na maumivu ya kudumu, ilhali hatari huzidi kupanda kuanzia miaka 50, na kwa waliopita miaka 70 huwa kubwa zaidi. Aidha, walio hatarini ni wale ambao vipele vyao vilikuwa vingi, waliopata maumivu makali tangu siku za mwanzo, walioathiriwa sehemu ya jicho, na wenye kinga dhaifu ya mwili.

Chanzo chake ni nini?

Ili kuelewa maumivu haya, sharti turudi nyuma hadi utotoni. Virusi vinavyosababisha mkanda wa jeshi ndivyo vinavyosababisha tetekuwanga. Mtoto anapopona tetekuwanga, virusi hivyo haviondoki mwilini. Hujificha katika vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo na kwenye neva za kichwa, na huweza kulala humo kwa miaka 50 au hata 60 bila kumsumbua mtu.

Daktari wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliyewahudumia wagonjwa wa kawaida katika mji wa Cirencester, ndiye aliyeeleza kwa kina mwaka wa 1965 kwamba mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka. Utafiti wa baadaye ulithibitisha maelezo yake.

Kinachoamsha virusi hivyo ni kudhoofika kwa kinga ya mwili. Uzee wenyewe hupunguza kinga hiyo. Vivyo hivyo hufanya saratani na dawa zake, dawa zinazotolewa kwa waliopandikizwa viungo, pamoja na virusi vya HIV.

Hapa pana jambo linalofaa kusemwa waziwazi. Kwa kuwa mkanda wa jeshi huwapata watu wengi wanaoishi na HIV, na Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuorodhesha miongoni mwa dalili za awamu ya pili ya maambukizi hayo, jamii imejenga dhana kwamba kila mwenye vipele hivyo ana Ukimwi. Mzee akiona malengelenge ubavuni huyaficha kwa aibu, akichelea maneno ya majirani. Kupima HIV ni jambo la busara kwa yeyote anayeugua mkanda wa jeshi, lakini mtu wa miaka 75 anaweza kuupata kwa sababu ya umri wake pekee. Aibu hiyo humpotezea siku ambazo ndizo za thamani zaidi katika matibabu.

Dhana nyingine ni ile isemayo kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake kukutana, mgonjwa hufa. Virusi hufuata njia ya neva moja, na kila neva huhudumia upande mmja tu wa mwili, wa kulia au wa kushoto. Ndiyo sababu vipele kwa kawaida hukomea katikati ya kifua na katikati ya mgongo. Vikitapakaa mwilini kote, hiyo ni ishara kwamba kinga imedhoofika sana na mgonjwa anahitaji hospitali, wala si kwamba amerogwa.

Waya ulioambuliwa mpira

Virusi vinapoamka husafiri ndani ya neva hadi kwenye ngozi. Njiani huiunguza na kuijeruhi neva hiyo. Ngozi hupona haraka kwa sababu hujiunda upya kila siku, lakini neva haina wepesi huo, hasa katika mwili wa mtu mzee.

Neva iliyojeruhiwa ni kama waya wa stima ulioambuliwa mpira: hutoa cheche bila mtu kuugusa. Hutuma ishara za maumivu kwenye ubongo ingawa hakuna kinachomuumiza mgonjwa. Baada ya majuma kadhaa ya ishara hizo, uti wa mgongo nao hubadilika na kuanza kuzikuza, mfano wa kipaza sauti kilichofunguliwa hadi mwisho. Mguso mwepesi wa nguo au upepo wa feni hutafsiriwa kuwa maumivu makali.

Maelezo haya ndiyo yanayotufichulia kwa nini dawa za kawaida za maumivu hushindwa. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza uvimbe katika misuli na viungo. Hazina nguvu kubwa juu ya neva inayotoa cheche. Hata hivyo, mzee aliyekosa usingizi hununua vidonge hivyo dukani siku baada ya siku, akiongeza kipimo kila mara. Matokeo yake ni vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, shinikizo la damu linalopanda na figo zinazoharibika, huku maumivu yakiwa palepale.

Saa 72 za kwanza

Tiba bora ya maumivu haya huanza kabla hayajawa sugu. Kuna dawa zinazodhibiti virusi vyenyewe, mashuhuri zaidi ikiwa asikloviri. Dawa hiyo ilitokana na kazi ya kundi la watafiti lililoongozwa na mwanasayansi wa Marekani Gertrude Elion, ambaye alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1988.

Kwa mtu mzima mwenye figo zenye afya, asikloviri humezwa miligramu 800 mara tano kwa siku kwa muda wa siku saba. Nduguye, valasikloviri, humezwa miligramu 1,000 mara tatu kwa siku kwa muda uo huo, jambo linalomrahisishia mzee asiyekumbuka vyema saa za dawa. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa kipimo.

Dawa hizi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Huharakisha kupona kwa vidonda na kufupisha maumivu ya siku za mwanzo. Uwezo wake wa kuzuia maumivu sugu haujathibitishwa kikamilifu, na dawa za steroidi nazo haziyazuii. Hata hivyo, hakuna sababu ya kungoja. Maumivu au muwasho wa upande mmoja wa mwili mara nyingi hutangulia vipele kwa siku kadhaa, kwa hivyo vipele vinapofuata, mzee na apelekwe hospitalini siku iyo hiyo.

Vipele vikitokea kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, hiyo ni dharura. Neva ya sehemu hiyo huhudumia jicho pia, na mgonjwa anaweza kupofuka asipoonwa upesi na daktari wa macho.

Wapo wanaopaka vidonda majivu, dawa ya meno au mafuta ya taa. Vitu hivyo haviui virusi vilivyomo ndani ya neva. Huunguza ngozi na kuleta usaha tu. Vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni, vikaushwe taratibu na kufunikwa kwa kitambaa safi.

Maumivu yakishakuwa sugu

Kwa mgonjwa ambaye miezi mitatu imepita na bado anateseka, zipo dawa za namna tatu ambazo daktari huzitegemea.

Ya kwanza ni amitriptilini. Ni dawa ya kale, ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Ilianza kutumiwa miaka ya 1960 kutibu unyongovu, kisha ikabainika kwamba kwa kipimo kidogo hutuliza neva. Mgonjwa huanza kwa miligramu 10 usiku, au nusu ya kidonge cha miligramu 25, na kipimo huongezwa polepole kila baada ya wiki moja au zaidi. Kwa kuwa huleta usingizi, humsaidia pia yule aliyekuwa akikesha.

Ya pili ni gabapentini, na ya tatu ni pregabalini, ambazo ni za ukoo mmoja. Gabapentini ilianza kama dawa ya kifafa. Idara ya Dawa ya Marekani (FDA) iliiidhinisha kwa maumivu haya mwaka wa 2002, na pregabalini ikafuata mwaka wa 2004. Mzee huanzishwa gabapentini ya miligramu 100 hadi 300 usiku, kisha akapandishwa hatua kwa hatua. Katika utafiti, waliopata nafuu walitumia jumla ya miligramu 1,800 hadi 3,600 kwa siku, ingawa wazee wengi hawafiki huko.

Hapa ndipo matibabu mengi huvunjika. Mgonjwa hupewa dawa, akirudi nyumbani jirani humwambia kwamba hiyo ni ya wagonjwa wa akili au ya kifafa, naye huitupa. Mwingine huimeza kwa siku nne, asione tofauti, akaiacha. Mhudumu wa afya anapaswa kueleza mapema kwamba dawa hii inatolewa kwa ajili ya neva, na kwamba haifanyi kazi kama parasetamoli. Huhitaji wiki kadhaa, pengine sita hadi nane, kabla ya kuamua kama imefaa au la.

Vilevile ni vyema mgonjwa ajue la kutarajia. Ni wachache ambao maumivu yao hutoweka kabisa kwa dawa. Tiba huhesabiwa kuwa imefaulu maumivu yakipungua kwa nusu, au hata theluthi moja, mzee akaweza kulala, kuvaa nguo na kwenda shambani au msikitini au kanisani. Dawa moja ikishindwa, daktari huibadilisha au huchanganya mbili kwa vipimo vidogo.

Tahadhari kwa mwili wa mzee

Kipimo kinachomfaa kijana kinaweza kumwangusha mzee, na hapa neno kuanguka lina maana yake halisi. Amitriptilini, gabapentini na pregabalini zote huleta usingizi na kisunzi. Mzee anapoamka usiku kwenda msalani gizani, akateleza na kuvunjika nyonga, hasara yake yaweza kuzidi ile ya maumivu aliyokuwa akitibiwa. Ndiyo maana kanuni ya matabibu ni kuanza na kidogo na kupanda taratibu. Haraka haraka haina baraka.

Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na kuzuia mkojo. Mwanamume mwenye tezi kibofu iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Mwenye presha ya macho au moyo unaopiga bila mpangilio huenda asipewe kabisa, na wazee wengi huhitaji kupimwa moyo kwanza. Inaweza pia kumvuruga akili mtu aliyeanza kusahausahau.

Gabapentini na pregabalini hutolewa mwilini kupitia figo. Kwa kuwa figo za wazee hupungua nguvu, na kisukari na shinikizo la damu huzidi kuziharibu, kipimo cha damu cha kuangalia figo ni muhimu kabla ya kuanza. Dawa hizi zinaweza pia kuvimbisha miguu. Mwaka wa 2019, FDA ilitahadharisha kwamba zinaweza kulemaza upumuaji kwa wazee, wenye maradhi ya mapafu na wanaozichanganya na dawa kali za maumivu. Pombe haifai kabisa kuandamana nazo.

Jingine ni kwamba dawa hizi hazikatizwi ghafla. Mgonjwa akitaka kuziacha, hupunguziwa kidogo kidogo kwa uelekezi wa daktari.

Tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni hazipaswi kuwa chaguo la kwanza. Huleta uraibu, hufunga choo na huongeza hatari ya kuanguka. Tramadoli ikichanganywa na amitriptilini inaweza kusababisha kifafa. Ni hatari, basi, kwa mzee kuandikiwa dawa moja katika hospitali hii na nyingine katika kliniki ile bila ya daktari mmoja kujua alichotoa mwenzake.

Dawa za kupaka na kubandika

Kwa mzee asiyestahimili vidonge, ipo njia ya kutibu ngozi yenyewe. Plasta yenye lidokaini ya asilimia 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1999, hubandikwa mahali penye maumivu kwa saa 12, kisha huondolewa kwa saa 12. Hufisha ganzi neva zilizo karibu na ngozi, na kwa kuwa dawa kidogo sana huingia kwenye damu, haileti usingizi wala kisunzi.

Njia nyingine ni kapsaisini, kile kiungo kinachoipa pilipili ukali wake. Ipo krimu hafifu ya kupaka mara tatu au nne kwa siku, na ipo plasta ya asilimia 8 ambayo hubandikwa hospitalini pekee. Kapsaisini huichosha neva hadi ikapunguza kutuma ishara za maumivu. Mwanzoni huwasha vikali, na mtumiaji lazima anawe mikono asije akagusa macho. Ieleweke kwamba kujipaka pilipili ya jikoni si mbadala wake, kwani kipimo chake hakijulikani na huunguza.

Plasta na krimu zote hutumiwa kwenye ngozi iliyopona tu, kamwe si juu ya kidonda kibichi.

Kikwazo ni gharama. Mzee anayetegemea Sh2,000 kwa mwezi kutoka mpango wa Inua Jamii hawezi kutarajiwa kununua plasta kila wiki. Kwa wengi wa aina hiyo, amitriptilini ya kipimo kidogo, ikitolewa kwa uangalifu, ndiyo tiba iliyo karibu. Familia isione haya kumwambia daktari uwezo wake, ili aandike dawa itakayonunuliwa badala ya ile itakayobaki kwenye karatasi.

Yanayoweza kufanywa nyumbani

Nguo pana za pamba au hariri hupunguza mikwaruzo. Wapo wanaopata nafuu kwa kitambaa kilichochovywa katika maji baridi, ilhali wengine baridi huwazidishia. Mgonjwa ndiye atakayejua. Taa ya usiku karibu na kitanda, mkeka usioteleza na mkongojo vinaweza kumnusuru mzee aliyeanza dawa za usingizi.

Maumivu ya mfululizo huzaa unyongovu. Mzee aliyekuwa mcheshi akianza kujitenga, kukataa chakula au kusema kwamba heri afe, maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha. Aambiwe daktari, kwa kuwa unyongovu nao una tiba, na maumivu huwa mepesi kuhimilika ukitibiwa.

Tena wajukuu wasitengwe naye. Malengelenge yakiwa mabichi, maji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua. Magamba yakishakauka, hatari hiyo imekwisha. Mzee aliyebakiwa na maumivu pekee hamwambukizi mtu yeyote.

Kinga

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu msemo huo una uzito. Chanjo ya kwanza, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006, na iliacha kuuzwa nchini humo mwaka wa 2020 baada ya kupatikana iliyo bora. Hiyo mpya, Shingrix, iliidhinishwa mwaka wa 2017. Hudungwa mara mbili, kwa mwanya wa miezi miwili hadi sita, na Marekani inaipendekeza kwa kila mtu aliyetimiza miaka 50. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 na 2016, ilizuia mkanda wa jeshi kwa zaidi ya asilimia 95 miongoni mwa waliopita miaka 50, na kwa takriban asilimia 90 miongoni mwa waliopita miaka 70. Haina virusi hai, hivyo inaweza kutolewa hata kwa wenye kinga dhaifu.

Nchini Kenya chanjo hiyo haimo katika mpango wa serikali wa chanjo za bure, na anayeitaka hana budi kumuuliza daktari wake. Chanjo haitibu maumivu yaliyokwisha kuingia, lakini aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi anaweza kuipata ili usimrudie.

Kwa wengi, maumivu haya hupungua kadiri miezi inavyosonga, ingawa kwa wachache hudumu kwa miaka. Kwa sasa, kwa familia nyingi, hatua ya kwanza haihitaji fedha yoyote: mzee asemapo kwamba ubavu unamwaka moto na huoni kidonda, msadiki, kisha umpeleke hospitalini.